Mazungumzo ya Kamati ya Kilimo: Kuvu Rafiki wa Mizizi



Nyanya zetu zinanyauka mchana, na udongo una maji. Wengi tunasema ni jua. Hebu ng'oeni mche mmoja mtazame mizizi. Ikiwa imevimba mafundo mafundo, hao ni minyoo fundo. Mnyoo mchanga hafiki nusu milimita, macho hayamwoni. Huingia karibu na ncha ya mzizi, hunyonya humo humo, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Kwenye maharage tusichanganye: kinundu chenye faida hubanduka kwa ukucha, lakini fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Sasa wapo wanaotaka fedha ya ushirika inunue sumu ya kumwaga ardhini. Sisi kamati tunasema, ngojeni kwanza. Udongo una askari wake. Ipo kuvu inayoishi ndani ya mizizi: huuletea mmea fosforasi, nao mmea huilisha sukari. Mzizi uliokwisha kukaliwa na kuvu hiyo, minyoo huushambulia kwa taabu. Ipo na nyingine inayokula mayai ya minyoo. Wataalamu waliieleza mwaka 1979, baada ya kuikuta Peru kwenye mizizi ya viazi.

Lakini askari huyu hutangulia, hafuati. Mche ukishajaa mafundo, kuvu haiuponyi. Kazi yake inaanzia kitaluni. Basi tufanye hivi:

1. Kitalu kisiwe mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya au bamia.
2. Tusizidishe mbolea ya fosfeti. Mmea ukishiba fosforasi, hauikaribishi kuvu.
3. Kabichi na sukuma wiki haziishi na kuvu ya mizizi. Tusizipande mfululizo shamba moja.
4. Tukimaliza kuvuna, mizizi yenye mafundo ing'olewe na kuchomwa siku hiyo hiyo.

Kuvu iliyotayarishwa inauzwa madukani. Tununue kidogo tu. Nusu ya kitalu tuitie, nusu tuiache, na miche ipandwe shamba moja kwa mistari yenye alama. Siku ya mavuno tung'oe pande zote mbili, tuhesabu mafundo mbele ya wanachama wote. Hapo ndipo tutaamua fedha iende wapi, maana ikishamwagwa ardhini hairudi.

Shime, ndugu. Kila mmoja aanze na mizizi ya shamba lake.

Ni sisi, Kamati ya Kilimo.