Picha Moja, Faili Mbili: Kutunza Fomati Zinazojirudia katika Maktaba ya Picha za Kidijitali



Kilio kikubwa katika kazi yetu ya kutunza picha ni kwamba diski zimejaa, na wengi hukimbilia programu za kufuta faili zinazojirudia. Mada hii inapinga haraka hiyo. Faili mbili zenye sura moja si lazima ziwe nakala, na anayefuta kabla ya kujua ipi ni ya asili anaweza kupoteza picha isiyoweza kupigwa tena.

Kamera ikiwekwa irekodi RAW na JPEG kwa pamoja, kila ukibonyeza, kadi hupokea faili mbili zenye jina moja: kwa Nikon, tuseme, DSC_0412.NEF na DSC_0412.JPG. Wenye Canon wataona CR2 au CR3, wenye Sony ARW. Faili hiyo ya RAW ni data ghafi ya kitambuzi cha mwanga, kwa kawaida ya biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga. JPEG ina biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, na imekwisha kubanwa kwa kutupa sehemu ya taarifa. Tazama shela la bibi harusi aliyepigwa picha juani saa sita mchana. Katika JPEG, kitambaa kimegeuka doa jeupe. Katika faili ghafi, mara nyingi ukishusha mwangaza nakshi za lesi zinarudi. Kwa waliofanya kazi enzi za filamu, hiyo ndiyo negativu.

Msimamo wangu basi ni huu: faili ghafi ibaki, na JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ndiyo inayoweza kuondoka, kwa sababu tunaweza kutengeneza nyingine. Lakini JPEG au TIFF iliyokwisha kusafishwa na kukabidhiwa kwa mteja au gazeti isiguswe. Ina saa za kazi ya mtu, na ni ushahidi wa kile kilichotolewa.

Programu za kutafuta nakala hazijui tofauti hiyo. Zile makini hukokotoa alama ya utambulisho wa faili, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256, na alama mbili zikilingana, hizo ni nakala kwelikweli. Futa moja bila wasiwasi. Ila badili neno moja tu katika maelezo yaliyomo ndani ya JPEG, na alama inabadilika. Programu nyingine hulinganisha sura, nazo zitakuletea hata picha kumi za mfululizo ambazo katika moja tu mtoto amefumbua macho. Uamuzi huo ni wa mpigapicha.

Hatari isiyosemwa sana iko kwenye faili ndogo ya XMP. Programu ya maktaba ya Lightroom Classic, kwa mfano, haiandiki maelezo ndani ya faili nyingi za RAW. Ukiiagiza iyahifadhi nje ya katalogi yake, huyaweka katika faili hiyo ya pembeni, yenye jina lile lile la picha. Majina ya watu, mahali, hatua za usafishaji, vyote vimo humo. Mtu akifungua folda na kuona vifaili vya kilobaiti chache, anadhani ni takataka. Akivifuta, na katalogi ikapotea, picha inabaki bila historia yake. Kwa sababu hiyo hamisheni picha kwa kutumia programu ya maktaba yenyewe, siyo kwa kuburuta faili moja moja. Lightroom Classic na Apple Photos zinaweza kuishika jozi ya RAW na JPEG kama picha moja, na digiKam, ambayo ni ya bure, inaweza kuzikusanya faili kwa majina.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Kamera nyingi zikifika 9999 huanza upya, kwa hiyo DSC_0412 ya Januari na ya Agosti zinaweza kukutana katika folda moja. Linganisheni pia saa ya kupigwa, na mbadilishe majina ya jozi nzima mara tu inapoingia kwenye kompyuta, tarehe ikitangulia.

Simu zina mkanganyiko wake. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi picha kwa fomati ya HEIC, nazo zinaweza kuigeuza kuwa JPEG zinapopeleka picha kwenye kompyuta. Tunzeni HEIC. Picha zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida zimepunguzwa na kuondolewa taarifa za kamera. Zifutwe pale tu ile ya asili inapokuwa imeonekana na kufunguka. Isipopatikana, hiyo hiyo ya WhatsApp ndiyo asili yetu.

Ndugu washiriki, kabla ya kufuta faili yoyote mwezi huu, naomba kila mmoja awe na nakala kamili ya maktaba yake kwenye diski ya pili, kisha aanze na folda moja tu na kuikagua kwa macho yake.