Bumu, Sapu na Mzazi wa Mwaka wa Kwanza

Likizo ndefu imeanza, na kijana aliyesindikizwa stendi na begi, ndoo na godoro jembamba amerudi nyumbani akiwa mwanachuo wa mwaka wa pili. Sebuleni mazungumzo ni mawili: pesa na matokeo.

Pesa ndiyo iliyowashtua wazazi wengi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupeleka ada chuoni moja kwa moja. Fedha za chakula na malazi humfikia mwanafunzi mwenyewe kwa awamu. Hiyo ndiyo bumu. Mtoto aliyezoea kengele ya ugali kwenye bweni la sekondari ghafla anashika laki kadhaa, bila wa kumuuliza. Wiki mbili za chipsi kuku na simu mpya, kisha ujumbe unaingia usiku: “Mama, nimeishiwa.” Bajeti ilipaswa kuzungumzwa kabla ya safari, kwa hesabu, kalamu mkononi.

Matokeo nayo yana fedheha yake. Aliyepata divisheni ya kwanza kidato cha sita anaweza kurudi na sapu mbili, akazificha. Mzazi asifoke, sapu ni mtihani wa marudio, kijana bado hajafukuzwa. Cha kuogopwa ni kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na dalili zake huanza kuonekana kwenye alama za majaribio, kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Kijana aliyelemewa apelekwe mapema kwa mlezi wa wanafunzi au mshauri nasaha wa chuo.