Nyumba ya Rehani na Korti Mbili za Marekani

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama)



Mzee mmoja wa chama chetu ametuletea barua ya mwanawe anayefanya kazi Florida, Marekani. Kijana alinunua nyumba kwa rehani, akaugua, akashindwa kulipa. Wiki mbili zilizopita korti ya jimbo imeamua nyumba inadiwe. Sasa yuko mtu anayemwambia: "Lete dola, twende korti ya Federali, itavunja hukumu hiyo." Mzee anaomba tumchangie. Tumeuliza mawakili, na tunasema wazi: tusichange hata senti kwa safari hiyo.

Kule ziko serikali mbili, ya jimbo na ya Federali, na kila moja ina korti zake. Wengi hudhani korti ya Federali iko juu ya korti ya jimbo, kama meneja alivyo juu ya nyapara. Sivyo. Mwaka 1923, katika kesi ya Rooker, Korti ya Juu Kabisa ilisema kwamba korti ya chini ya Federali haina ruhusa ya kusahihisha hukumu ya jimbo. Kesi ya Feldman ya 1983 ilikaza neno hilo. Aliyeshindwa hupanda ngazi za jimbo lake mpaka mwisho, na kutoka hapo ni Korti ya Juu Kabisa peke yake inayoweza kumsikiliza.

Mwaka 2005 korti hiyo iliweka mpaka: anayefungiwa mlango ni yule anayelalamikia hukumu iliyokwisha kutolewa. Shauri jingine, kama kudanganywa na mkopeshaji, halifungwi na sheria hiyo. Lakini likiwa lingeweza kusemwa katika kesi ya kwanza, ataambiwa limekwisha amuliwa.

Basi afanye nini?

Kwanza, rufani. Florida humpa siku 30. Wiki mbili zimekwenda, zimebaki siku 16. Tena rufani peke yake haizuii mnada. Lazima aombe amri ya kuusimamisha.

Pili, uko mlango mmoja wa Federali ulio wazi: korti ya wenye madeni. Mwenye mshahara huomba kulipa malimbikizo pole pole kwa miaka 3 mpaka 5, na kwa kawaida mnada husimama mara anapopeleka maombi. Lakini apeleke kabla nyumba haijauzwa. Ikiisha kuuzwa, amechelewa.

Kwa hiyo, ndugu, tuchange, lakini pesa ziende kwa wakili wa mambo haya mawili, na ziende wiki hii.

Nasi hapa tujifunze. Sheria yetu ya Ardhi ya 2012 humtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Siku hizo ni za kufanya kazi, si za kuficha barua chini ya godoro. Ukipata karatasi ya korti, ilete ofisini siku ile ile. Haki huchelewa, lakini tarehe ya mnada haichelewi.