BOLTI ILIYOVUNJIKA SI LAZIMA IWE KOSA LA ALIYESHIKA SPANA

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja wa karakana mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine nimefundishwa na spana. Katibu aliniomba niseme juu ya kazi ninayoijua, nami nimechagua jambo moja linalowatesa mafundi wengi, nalo ni namna ya kutoa bolti za manifoldi ya ekzosi zilizovunjikia ndani ya injini ya lori. Huenda wengine watasema, "Sisi ni watu wa reli, malori yatuhusu nini?" Lakini mwajua kwamba reli haiendi bila malori ya kubeba mataruma na kokoto na watu wa njia. Tena mwisho wa maneno yangu mtaona ya kuwa jambo hili lahusu mshahara wa mtu na jicho la mtu, na hayo ni mambo ya chama.

Kwanza, kwa nini bolti hizi huvunjika? Manifoldi ni kile chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini, kikusanyacho moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba la ekzosi. Lori la dizeli lenye mzigo likipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, moshi huo hupita digrii 500 za joto. Lakini hedi ya injini, ambayo manifoldi imefungwa juu yake, hupozwa na maji, na maji yale ni kama digrii 90 tu. Chuma chenye urefu wa meta 1 kikiongezwa joto la digrii 100 hurefuka milimita 1 na kidogo. Basi manifoldi ya sentimita 80, ikiizidi hedi kwa digrii 300, hutaka kuwa ndefu kuliko hedi kwa milimita 2 na nusu hivi. Injini ikizimwa, hurudi tena.

Ninyi watu wa njia mwalielewa jambo hili kuliko watu wa malori. Kwa nini katika njia ya zamani twaacha nafasi kati ya reli na reli? Kwa nini matundu ya bolti pale panapounganishwa reli ni makubwa kuliko bolti zenyewe? Ni ili chuma kipate kutembea. Na manifoldi ni vivyo hivyo. Matundu yake hufanywa makubwa kidogo, hasa yale ya ncha mbili, ili iteleze. Lakini kutu na masizi yakijaa ndani, au mtu akiikaza kupita kiasi, haitelezi tena. Hapo husukuma bolti, leo na kesho, kila inapopata moto na kila inapopoa, na bolti za mwisho, ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, ndizo huumia zaidi. Huanza na ufa mdogo, ufa hukua, na siku moja kichwa chaanguka.

Dalili zake si ngumu. Asubuhi injini ikiwa baridi utasikia tik, tik, tik ubavuni, na ikipata moto sauti hupungua kwa sababu chuma kimevimba na kuziba mwanya. Utaona alama nyeusi ya masizi karibu na gasketi. Dereva atalalamika kwamba moshi waingia chumbani mwake na kichwa chamwuma. Msimcheke. Moshi ule una sumu, na moto unaotoka pale waweza kuunguza mipira na nyaya zilizo karibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nitawapa habari yangu mwenyewe. Mwaka 2013, kabla sijaingia reli, nilikuwa nafanya kazi katika karakana ya tajiri mmoja wa malori, ambaye sitamtaja. Hapakuwa na chama pale. Siku moja, saa nne ya asubuhi, liliingia lori lenye dalili hizo nilizotaja. Msimamizi akasema lazima litoke saa nane mchana kwa kuwa mzigo umekwisha kupakiwa. Nilikuwa na kijana msaidizi, hodari, hajatimiza hata mwaka kazini. Bolti ya nyuma ilikataa. Mimi, fundi, nikamwambia, "Tia bomba juu ya spana, vuta." Akatia bomba, akavuta, na bolti ikakatika sawasawa na uso wa hedi.

Kwa haraka nikatoboa tundu katikati ya kipande kilichobaki, na tundu lenyewe likaenda upande. Nikatia kile chuma kigumu cha kung'olea chenye meno ya kushoto. Nacho kikavunjikia ndani. Chuma kile ni kigumu mno, biti ya kawaida ya drili hukishindwa. Kijana akachukua tindo na nyundo ili akivunje vunje. Miwani ya kazi ilikuwa moja tu, nayo ilifungiwa stoo, na karani wa stoo alikuwa amekwenda kula. Kibanzi kikaruka kikaingia jicho lake la kulia.

Ndugu zangu, nitarudi kwa kijana huyu. Kwanza niwaambie yale ambayo ningalifanya siku ile kama ningalikuwa na akili niliyo nayo leo.

JAMBO LA KWANZA NI SUBIRA. Kabla ya kugusa spana, sugua bolti kwa brashi ya waya. Zitie mafuta mepesi ya kupenya kutu jioni, uzitie tena asubuhi. Gonga kichwa cha kila bolti kwa nyundo, si kwa hasira, bali mara nyingi na kwa kipimo, ili kutu ipasuke na mafuta yaingie. Unapofungua, usivute upande mmoja tu. Legeza kidogo, kaza kidogo, tia mafuta, legeza tena. Ukiona bolti yazunguka kwa uzito ule ule kama mpira, bila kulegea, acha! Hiyo haifunguki, yajipinda, na iko karibu kukatika.

JAMBO LA PILI NI MOTO. Kama bado yakataa, pasha moto chuma kilicho kando ya bolti kwa gesi, kisha uache ipoe kidogo, na uguse mshumaa pale penye hesi. Nta huyeyuka ikavutwa ndani, ikalainisha. Lakini angalia kwanza hedi ni ya chuma gani. Kama ni aluminiamu, usicheze na moto wa gesi. Aluminiamu huyeyuka kwa digrii 660, wala haibadiliki rangi kukuonya. Utaona hedi imeanguka chini kama uji.

JAMBO LA TATU, IKIWA IMEKATIKA LAKINI YATOKEZA, ishike kwa koleo la kubana, ukiipeleka mbele na nyuma kama nilivyosema. Ikitokeza hesi za kutosha, funga nati mbili juu yake, uzikaze moja juu ya mwenziwe, kisha fungua kwa ile ya chini.

JAMBO LA NNE, IKIWA IMEKATIKA SAWA NA HEDI AU NDANI KIDOGO, dawa iliyo bora ni kuchomea nati. Weka washa juu ya kipande cha bolti, mchomeaji aishike na bolti kupitia tundu la washa. Kisha weka nati juu ya washa na ajaze katikati. Joto la kuchomea huvimbisha bolti, na inapopoa hujikunja, na kutu iliyoishika hukatika. Ngojea wekundu uishe, ndipo uzungushe polepole. Ikikatika nati, choma nyingine. Nimepata kuchoma nati 5 juu ya bolti moja, na ya 5 ikaitoa. Lakini toa nyaya za betri kwanza, ondoa au funika mipira ya mafuta kwa gunia bichi, na mtu asimame na kizima moto. Wala usitumie nati iliyopakwa zinki, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

JAMBO LA TANO, DRILI NI YA MWISHO. Piga alama kwa panchi katikati kabisa, upime mara mbili. Anza na biti ndogo ya milimita 3, pole pole, na mafuta. Ukiweza kupata biti ikatayo kwa kuzunguka kushoto, itumie, maana mara nyingi huinasa bolti na kuitoa yenyewe. Tia alama ya kina juu ya biti, kwa sababu katika injini nyingine nyuma ya tundu mna njia ya maji. Panua tundu hatua kwa hatua. Kwa bolti ya milimita 10 yenye hesi za milimita 1 na nusu, tundu la mwisho ni milimita 8 na nusu, kisha safisha hesi kwa tapi. Na kile chuma cha kung'olea kilichonipata mimi, kama moto na nati vimeshindwa, hicho nacho hakitashinda. Kiache.

Unaporudisha, weka unyofu wa chuma juu ya uso wa manifoldi uone kama imepinda. Ikiwa imepinda, ipelekwe kusawazishwa, ama utazivunja bolti zile zile tena. Tia gasketi mpya na bolti mpya za kazi ya moto, si bolti yoyote uliyookota chini ya meza. Paka hesi grisi ya shaba. Kaza ukianzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Sasa nirudi kwa kijana. Hospitali walikitoa kibanzi, na jicho halikupotea, lakini mpaka leo haoni nalo vizuri. Alipotoka hospitali akakuta barua: atakatwa mshahara mpaka hedi ilipwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyevunja bolti. Msimamizi aliniita, akaniuliza, "Ni nani aliyevuta?" Nikajibu, "Ni kijana." Nilisema kweli, lakini haikuwa kweli yote. Sikusema ni nani aliyemwambia atie bomba. Nilikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba, nikanyamaza. Akakatwa mwezi wa kwanza.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa mashine ya kuchonga, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameokota kichwa cha ile bolti sakafuni akakiweka katika kopo. Akaniita, akaniambia, "Kijana, hebu tazama hapa ilipokatika." Nikatazama. Robo tatu ya uso ule ilikuwa nyeusi kwa masizi na kutu. Robo moja tu ndiyo iliyong'aa mpya. Mzee akasema, "Palipo peusi pamekatika zamani, lori likiwa njiani. Palipong'aa ndipo alipokata huyu mtoto. Nawe wajua hivyo."

Tukaenda ofisini wawili. Mzee akaweka bolti juu ya meza, nami nikasema yote, hata habari ya bomba. Msimamizi aliitazama ile bolti kwa muda mrefu. Kukatwa kukakoma. Lakini mshahara wa mwezi ule haukurudishwa, na juu ya jicho hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hapakuwa na chama wala mtu aliyejua kuandika madai. Nami nilipewa onyo la barua. Barua ile ninayo, wala siionei haya kama ninavyouonea haya ule mwezi mmoja wa kunyamaza.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa kila kitu kinachovunjika. Kwa mali iliyoharibika, hukata kiasi cha haki, na ni pale tu mfanya kazi alipokosa kwa makusudi. Bolti iliyokatika robo tatu barabarani si makusudi ya mtu. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na miwani iliyofungiwa stoo haijatolewa. Na kwa mtu aliyeumia iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya 2007 pia.

Basi nawaomba mambo manne. Kila bolti iliyovunjika msiitupe. Itieni katika kopo, na karatasi yenye tarehe na namba ya gari. Mkiambiwa mharakishe kazi isiyoharakishwa, mwambieni msimamizi mbele ya shahidi kwamba bolti yahitaji usiku mmoja wa mafuta. Asiyepewa miwani asishike tindo wala drili, na amjulishe mjumbe wa chama saa ile ile. Na ninyi mafundi, mkiulizwa ni nani aliyevuta spana, semeni pia ni nani aliyesema ivutwe.

Kichwa cha ile bolti mzee alinipa nilipoondoka pale kuja reli. Nimekileta, kiko mezani kwa Katibu. Mkitoka piteni mkitazame, mjue tofauti ya peusi na panapong'aa.