Msumeno, Kabari na Jua la Kiangazi

Mazungumzo juu ya kutengeneza kuni za mabani, kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku ya mvuke



Mkulima wa tumbaku ya mvuke ana mashamba mawili. La kwanza ni shamba la majani, ambalo hupimwa, hukopeshewa mbolea na kuandikwa katika vitabu vya chama. La pili ni msitu unaompatia kuni, nalo mara nyingi halihesabiwi na mtu yeyote mpaka siku linapokwisha.

Historia ya Urambo yatosha kuwa funzo. Mahali hapo palikuwa pamoja na Kongwa na Nachingwea katika mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Mashine nzito zililetwa kung'oa miti, karanga hazikustawi kama ilivyotazamiwa, na baadaye tumbaku ndiyo iliyoshika nafasi. Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine kubwa haikuweza kusahihisha mpango uliokosa hesabu. Hali ni hiyo hiyo kwa kuni. Miombo iliyo karibu na mabani hupungua, tela huenda mbali zaidi mwaka hadi mwaka, na gharama ya safari hizo hutoka katika bei ya jani. Aidha, mitundu na miyombo inayokatwa ndiyo inayowalisha nyuki, na Tabora ni mkoa wa asali pia.

Hoja ya mazungumzo haya ni moja. Joto la bani halianzii tanurini. Huanzia pale gogo linapokatwa, linapopasuliwa na linapoanikwa. Chama kinachotaka kupunguza miti inayoteketea yafaa kianze na msumeno, kabari na jua, kabla ya kufikiria mashine ya gharama kubwa.

MAJI YALIYOMO NDANI YA KUNI

Mti uliokatwa leo una maji mengi, ambayo huweza kufikia nusu ya uzito wake wote. Tani moja ya kuni za namna hiyo ina kilo 500 za maji. Ikianikwa mpaka maji yabaki sehemu moja katika tano ya uzito, tani hiyo hubaki na kilo 625 tu. Kilo 375 za maji zimekwenda na upepo, wala hazikumgharimu mkulima chochote. Kuni hizo zikisombwa baada ya kukauka, mkokoteni au tela haibebi tena mzigo wa maji.

Kilo moja ya maji hula joto la megajuli 2.5 hivi ili igeuke mvuke. Kilo moja ya kuni isiyo na maji kabisa hutoa megajuli 18 hivi. Kwa hesabu hiyo, kuni mbichi hutumia karibu asilimia 14 ya joto lake kuyachemsha maji yake yenyewe, na kuni iliyoanikwa vema hutumia asilimia 3 na nusu tu.

Hata hivyo, hasara iliyo kubwa zaidi haimo katika hesabu hiyo. Kuni ikipata moto hutoa kwanza hewa inayowaka, na zaidi ya nusu ya joto la kuni humo katika hewa hiyo. Tanuri lililopozwa na maji ya kuni mbichi halina ukali wa kutosha kuiwasha. Hewa hiyo hupanda bombani ikiwa moshi mzito na kupotea angani. Moshi mweusi unaotoka katika bani ni kuni iliyokatwa, ikasombwa, ikatiwa tanurini, kisha isitumike.

KWA NINI KAZI HII NI YA KIANGAZI

Mvua za Tabora hunyesha kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na uchumaji wa majani huangukia ndani ya miezi hiyo. Kwa hiyo bani hutaka moto mkali wakati ule ule ambapo msitu umelowa. Mkulima anayekwenda kutafuta kuni siku bani lilipojazwa hana budi kuchoma kuni mbichi.

Ukaushaji huchukua kwa kawaida siku tano hadi saba. Kwanza majani hugeuzwa rangi kwa joto la chini, lisilozidi sana digrii 38 za sentigredi. Baadaye joto hupandishwa hatua kwa hatua ili kukausha jani, na mwisho hufikishwa karibu na digrii 70 ili kukausha mshipa mkuu. Rangi ya manjano ikishapatikana, joto lisipopanda kwa wakati wake jani huendelea kugeuka na kuwa la hudhurungi. Joto likishuka wakati mshipa haujakauka, unyevu wa mshipa hurudi katika jani na kuacha madoa. Hasara ya usiku mmoja wa kuni mbichi huonekana mezani pa mthamini, jani linaposhushwa daraja.

Kuni zilizokatwa na kupasuliwa Juni au Julai hupata nusu mwaka wa jua na upepo kabla ya bani la kwanza kuwashwa. Hakuna mashine inayoweza kulipa miezi hiyo ikishapotea.

KUKATA

Shoka ni chombo kizuri cha kuondolea matawi, lakini si chombo kizuri cha kukatia gogo vipande. Mkataji wa shoka hana budi kufungua mfereji mpana. Gogo lenye unene wa sentimita 20 hudai mfereji wenye mdomo unaokaribia upana huo huo, na vibanzi vyake huachwa porini. Msumeno hupita katika njia ya milimita chache tu. Tena msumeno wa upinde unatosha kwa mtu mmoja na magogo membamba, na ule wa watu wawili huyaweza magogo manene.

Urefu wa kipande ufuate urefu wa tanuri. Desturi ya kusukuma gogo refu, nusu ndani na nusu nje, huuacha mlango wazi usiku kucha. Hewa ya baridi huingia bila kipimo, hupoza moto na kulisukuma joto nje kupitia bombani. Mkulima apime tanuri lake kwa fimbo, apunguze shubiri moja, na fimbo hiyo iwe kipimo chake cha kila kipande, ili mlango upate kufungwa.

Gogo lisikatwe likiwa limelala chini, maana meno yakigusa udongo hufa makali mara moja. Liwekwe juu ya miti iliyopishanishwa na kufungwa kama herufi X. Gogo lililoegemezwa ncha zote mbili likikatwa kutoka juu katikati hubana msumeno. Basi itiwe kabari ndogo katika njia ya msumeno, au sehemu inayokatwa iachwe ining'inie nje ya egemeo.

Msumeno butu humchosha mtu na kumfanya aulaumu msumeno. Meno yanolewe kwa tupa, kila jino kwa idadi sawa ya mipigo, na yapindwe kidogo kushoto na kulia kwa zamu ili njia iwe pana kuliko bapa. Msumeno ukitoa vipande vyembamba virefu una makali; ukitoa unga mtupu wahitaji kunolewa.

Kisiki nacho kisisahauliwe. Miti mingi ya miombo, pamoja na mijohoro na mikaratusi inayopandwa, huchipua tena kisiki kikikatwa karibu na ardhi, kwa mkato safi ulioinama kidogo ili maji yasituame. Kisiki kilichochanwachanwa kwa shoka huweza kuoza kabla machipukizi hayajashika.

KUPASUA

Maji ya mti hutoka upesi kwa kufuata nyuzi, kupitia ncha zilizokatwa, na hutoka polepole sana kupitia gome. Gogo refu lenye gome lake huweza kukaa kiangazi kizima nalo likabaki bichi moyoni. Kulipasua ni kulifungulia milango.

Gogo la urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 20 lina eneo la nje lipatalo mita za mraba 0.63. Likipasuliwa mapande manne huongezewa mita za mraba 0.8 za mti ulio wazi. Eneo la kukaushia limezidi mara mbili, na eneo la moto kushika pia limezidi mara mbili. Vijiti vyembamba kuliko sentimita 10 havihitaji kupasuliwa. Nguvu ziwekwe kwenye magogo manene.

Kipande kisimamishwe juu ya kigogo kipana, kisichozidi goti kwa kimo. Mpasuaji atafute ufa ulioanza wenyewe kwenye ncha, aufuate huo, na avikwepe vifundo. Gogo nene lisipigwe katikati kwanza, bali limenywe pembeni kuzunguka. Gogo refu au lenye nyuzi zilizosokotana hupasuliwa kwa kabari mbili za chuma: ya kwanza hufungua ufa, ya pili huuendeleza na kuifungua ya kwanza. Miti mingi yenye nyuzi zilizonyooka hupasuka kwa urahisi zaidi ikiwa mibichi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiahirisha kazi.

Kabari iliyopigwa muda mrefu hufumuka kichwa kama uyoga, na kingo zake huweza kukatika na kuruka jichoni. Zipigwe tupa mara zionekanapo. Miguu itanuliwe, na mtu mwingine asisimame mbele wala nyuma ya mpasuaji.

KUANIKA

Kuni zipangwe juu ya miti miwili ili zisiguse ardhi, kwa safu moja moja zinazopokea upepo ubavuni. Juu ziezekwe nyasi au bati, na pande ziachwe wazi. Rundo lililofunikwa gubigubi kwa turubai huvundika badala ya kukauka.

Ushahidi wa ukavu si wa kukisia. Kuni kavu ina nyufa nchani, na zikigonganishwa mbili hutoa mlio mkali. Lakini chama kina mizani, na mizani haibahatishi. Vichaguliwe vipande vitatu, vitiwe alama na vipimwe kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kuni zimekauka kadiri hali ya hewa inavyoruhusu.

SWALI LA MASHINE

Vyama vingine huuliza kama vinunue msumeno wa mnyororo au mashine ya kupasulia. Jibu hutegemea mahali kuni zilipo na hesabu ya kazi.

Msumeno wa mnyororo hufanya kwa saa kazi ya siku nzima, lakini huo huo huweza kumaliza msitu kwa haraka ile ile. Usitoke bohari bila kibali cha uvunaji kuonyeshwa, wala usitumiwe na mtu asiyefunzwa. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa isiguse kitu, kwa kuwa hapo ndipo msumeno hurukia nyuma usoni. Kofia, kinga ya macho na masikio, viatu vigumu na suruali ya kinga vihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine. Injini nyingi za leo hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili yake maalumu, yaani mililita 20 kwa lita. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua.

Mashine ya kupasulia husukuma gogo kwenye kabari kwa nguvu ya oili iliyoshindiliwa. Huyaweza magogo yaliyoyashinda mashoka, na hulipa pale kuni nyingi nene zinapokusanywa mahali pamoja, kama katika shamba la miti la chama. Haina faida ikiburutwa kutoka bani hadi bani kupasua fito. Anayeweka gogo awe ndiye anayeshika mkono wa mashine, maana vidole vingi hupotea pale wawili wanapogawana kazi hiyo.

YA KUAMULIWA NA KILA CHAMA

Kwanza, kila chama kiwe na misumeno, kabari na tupa za kuazimwa, pamoja na mtu mmoja katika kila kitongoji aliyefundishwa kunoa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkulima mmoja halazimiki kununua kila chombo.

Pili, kuni zinunuliwe na kuandikwa kwa rundo lililopangwa, la mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1, si kwa tela. Hata rundo lililopangwa vema lina nafasi za hewa, kiasi cha theluthi moja hivi. Tela iliyotupiwa ovyo ina hewa zaidi, na mnunuzi huilipia.

Tatu, kila mwenye bani aandike marundo aliyoyatumia kwa kila ukaushaji, na kama kuni zilikuwa mbichi au kavu. Baada ya msimu mmoja, daftari hilo litawaambia wajumbe ni miti mingapi imeokolewa, na kama mashine yaweza kujilipia.

Nne, miti ipandwe kabla ya ile iliyopo kwisha, nayo ihesabiwe kama hekta za tumbaku zinavyohesabiwa.

Maamuzi hayo yafaa yapitishwe katika mikutano ya Mei au Juni, masika yakiwa yamekwisha na misumeno ikiwa mikononi. Yakiachwa mpaka Novemba, kuni za msimu huo zitakuwa tayari zimeharibika, hata kama bado zimesimama msituni zikiwa na majani yake.