Mama, Binti na Ugonjwa: Mzigo Huu ni wa Nani?



Tunapozungumza juu ya haki, tumezoea kutaja mahakama, mishahara na viwanja. Leo tunaomba tuingie chumbani, katika nyumba za kupanga za Kariakoo na Gerezani, ambako mama ameugua na binti yake ndiye muuguzi.

Tuitazame saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu. Huwapata wengi wakiwa bado wanalea. Hospitali yake ni Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890 na kufanywa Taasisi ya Saratani mwaka 1996. Wako wanaosafiri kutoka mikoa ya mbali kuifikia. Sisi iko jirani. Lakini ujirani huo unadanganya. Tiba ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Mama muuza vitunguu akienda huko kila siku, meza yake inafungwa; na meza ikifungwa, nauli ya kesho haipo. Hapo ndipo binti anapoitwa. Asubuhi humsindikiza mama, mchana husimama mezani, jioni hupika na kufua, usiku hukesha. Madaftari yanabaki chini ya kitanda, nasi tunamsifu kuwa ni mtoto mwema.

Ni mwema kweli. Ila sifa hiyo mara nyingi ndiyo njia yetu ya kumwachia mzigo peke yake. Kaka zake wako wapi? Wajomba je? Mvulana haulizwi na mtu kwa nini hakuacha masomo.

Tena kuna ukimya. Ugonjwa huu hugusa mahali ambapo mama hakuzoea kupataja mbele ya mwanawe. Humwambia kuwa ni tumbo tu. Naye binti, aliyekwisha kuisoma karatasi ya hospitali, hujifanya anaamini. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na kila mmoja analia kivyake. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Wakisemezana, hufarijiana, na zaidi ya hapo, binti hujua kwamba ugonjwa huu unazuilika. Mwaka 2018 nchi yetu ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote dhidi ya virusi vinavyousababisha, na mwaka 2024 ikaingia katika utaratibu wa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Akina mama nao wanaweza kupimwa kabla dalili hazijaonekana, hasa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Wapo wanaonong'ona kwamba chanjo hiyo hufunga kizazi. Si kweli, na kiongozi anayeunyamazia uvumi huo anashiriki madhara yake.

Tunapokisoma kitabu cha Ruthu, tunamsifu mkwe aliyeambatana na Naomi. Tunasahau kwamba Boazi aliwaagiza wavunaji wake waache masuke makusudi, ili Ruthu aokote bila kuaibishwa. Moyo ulikuwa wa Ruthu. Shamba lilikuwa la wengine.

Na masuke ya Kariakoo je? Jirani wa meza aweza kuuza bidhaa za mgonjwa pamoja na zake, akampelekea hesabu jioni. WAWATA waweza kupanga zamu za kumsindikiza mama Ocean Road, binti akaingia darasani. Mwenye nyumba aweza kusubiri kodi. Mwenyekiti wa jumuiya aweza kuwaita kaka na wajomba, waseme mbele ya mgonjwa nani anatoa nini. Sisi huwapelekea wagonjwa sala na sukari. Vyote viwili ni vyema, lakini havimrudishi mtoto shuleni.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogondogo, katika mkutano ujao, zihesabu nyumba zenye mgonjwa mzito. Na kwa ridhaa ya wahusika, kando ya kila mgonjwa ziandike nani anamuuguza, umri wake, na darasa aliloacha. Orodha zitufikie kabla ya tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Zamu zipangwe juma hilohilo.