Jengo la Utafiti wa Afya: Kuta Zinazokutanisha Watu

Mazungumzo kwa wakazi wa Ndera na maeneo jirani ya Garsen



Mto Tana ukifurika, maji hujaa mabondeni na mbu huzaliana. Mbu huyo humuuma ng'ombe, na humuuma mwenye ng'ombe. Lakini ng'ombe akiugua, habari hupelekwa kwa afisa wa mifugo. Mtu akiugua, hupelekwa zahanati. Na mbu mwenyewe huchunguzwa na mtaalamu wa tatu, ambaye huenda yuko mji mwingine kabisa. Ugonjwa ni mmoja, wanaoutafuta wako mahali patatu.

Hasara ya jambo hili inajulikana Tana River. Kati ya Novemba 2006 na Machi 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini mashariki mwa Kenya na kuteremka hadi Pwani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu 684 walioripotiwa kuugua nchini, na 155 kati yao walifariki. Ugonjwa huu una dalili moja ambayo mfugaji huiona mapema: mifugo wengi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wa mifugo hufa. Binadamu huambukizwa anapogusa damu ya mnyama mgonjwa, anapochinja, anapomsaidia kuzaa, anapokunywa maziwa mabichi, au anapoumwa na mbu. Kwa hiyo habari ya bomani ikimfikia daktari mapema, kuna watu watakaopona. Ikichelewa, daktari huanza kuuona ugonjwa wodini.

Serikali ya Kenya ilipata funzo. Mwaka 2012 ilianzisha kitengo cha magonjwa yanayopita kati ya wanyama na binadamu, ambamo mtaalamu wa afya ya watu na mtaalamu wa mifugo hufanya kazi katika ofisi moja. Wizara mbili zilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezwa ni wataalamu wao kukaa pamoja.

Hapo ndipo swali la ujenzi linapoingia. Watu wengi hudhani jengo la utafiti ni kuta, mitambo na majokofu. Lakini jengo pia huamua nani atakutana na nani. Thomas Allen, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili kati ya wahandisi na wanasayansi, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu yake. Aligundua kwamba mazungumzo ya kazi hupungua haraka kadiri meza zinavyoachana. Umbali ukipita mita 50 hivi, watu huzungumza mara chache sana, karibu sawa na watu walio katika majengo tofauti. Mita 50 ni nusu tu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Mfano wa karibu uko Kilifi. Tangu mwaka 1989, taasisi ya KEMRI, Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome la Uingereza zimekuwa na mpango wa utafiti katika uwanja wa hospitali ya serikali ya Kilifi. Maabara haikujengwa mbali kwenye kilima chenye ua na lango lake. Iko jirani na wodi ya watoto. Mtoto akilazwa, damu yake hufika maabara upesi, na jibu hurudi kwa daktari anayemtibu.

Ujirani huo ulizaa matunda. Wakati ambapo homa kali ya mtoto wa Pwani ilichukuliwa mara nyingi kuwa malaria, watafiti wa Kilifi walipima damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002 ili kutafuta bakteria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: karibu mtoto 1 kati ya kila 4 waliofia hospitalini alikuwa na bakteria katika damu. Kumbe dawa ya malaria peke yake isingewaokoa watoto wengi. Na chanjo ya Hib, inayozuia aina moja ya bakteria hao, ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2001, ni maabara hiyohiyo iliyoonyesha kwamba katika miaka michache ugonjwa huo ulikuwa umepungua Kilifi kwa zaidi ya asilimia 80. Daktari peke yake asingeliona hilo, wala mpimaji wa damu peke yake.

Mfano wa pili uko mbali, lakini unahusu chai, na chai inaeleweka kila mahali. Mwaka 1962 huko Cambridge, Uingereza, ilifunguliwa maabara ya chembe za uhai iliyoongozwa na Max Perutz, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo. Alisisitiza iwe na mkahawa mmoja wa wote, na mkewe, Gisela, akausimamia kwa miaka mingi. Profesa, mwanafunzi na fundi wa mitambo walikunywa chai kwenye meza zilezile, na tatizo lililomshinda mmoja lilisikika na mwenzake. Maabara hiyo imetoa washindi wengi wa Nobel.

Je, jengo la namna hiyo likijengwa na chuo kikuu katika nchi ya joto na mafuriko kama hii, lingepaswa kuwa vipi?

Kwanza, liwe karibu na wagonjwa, ndani ya uwanja wa hospitali ikiwezekana. Pili, ofisi za tabibu, mtaalamu wa mifugo na mtaalamu wa wadudu ziwe kwenye ukumbi mmoja, si kila idara na ghorofa yake. Tatu, liwe na mlango mkuu mmoja na ngazi pana moja, ili watu wapishane kila siku. Nne, liwe na mahali pamoja pa chai. Chakula hakiruhusiwi ndani ya maabara kwa sababu za usalama, hivyo kila mtu lazima atoke. Akitoka, akute baraza pana yenye kivuli na upepo, si viti viwili kwenye ushoroba wenye giza.

Si kila mlango uwe wazi. Chumba cha virusi hatari hufungwa, na huingia waliofunzwa tu. Siri ya mgonjwa hulindwa. Sampuli za wanyama zipitie mlango wake. Anayesoma takwimu anahitaji chumba kimya. Jengo zuri hutenganisha vijidudu na watu, lakini halitenganishi watu na watu.

Halafu kuna mto. Mafuriko ya 2018 na ya mwisho wa 2023 yaliwahamisha watu wengi Tana River na kukata barabara. Jengo liinuliwe juu ya maji, na jenereta na majokofu ya sampuli yasiwekwe chini. Sampuli zikiharibika siku ya mafuriko, ushahidi hupotea wakati unapohitajika zaidi.

Mwisho ni nafasi ya mwananchi. Kilifi kuna wawakilishi wa jamii, waliochaguliwa na wananchi wenyewe, wanaokutana na watafiti na kupeleka maswali ya vijijini. Watu hao wanahitaji chumba chao karibu na mlango, wala si benchi la kusubiri nje. Mfugaji aliyeona mbuzi kumi wakitupa mimba ana habari ambayo hakuna mtambo ulio nayo bado.

Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinampa mkazi haki ya kushirikishwa katika mipango ya maendeleo. Mara nyingi, ramani ya jengo la afya ikiletwa barazani, swali huwa ni gharama na kazi za vijana. Hayo ni maswali ya haki. Yaongezwe matatu: Wodi iko hatua ngapi kutoka maabara? Afisa wa mifugo atakaa wapi? Na mkazi mwenye habari ataingilia mlango upi?

Maswali hayo yaulizwe ramani ikiwa bado karatasi. Kufuta mstari ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.